Aliyerudisha Mafiga

Mke wangu aliondoka mwaka ule ule nguo zilipojaa madukani. Msishtuke. Mimi ni mwanamke, naitwa Bhoke, mjane, nimebatizwa, na nilioa kwa ng'ombe wangu mwenyewe. Kwetu mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari akaoa binti, binti akazaa na mwanamume anayemtaka, na watoto wakawa wa nyumba ya yule mama. Tunaiita nyumba ntobhu. Padre alinihubiria juu ya jambo hilo mpaka sauti ikamkauka. Nikamwuliza kama yeye yuko tayari kuja kunichotea maji nikizeeka, akaniacha na dhambi yangu.

Binti mwenyewe aliitwa Wankyo. Aliletwa kwangu, kijijini nyuma ya Butiama, katika miaka ile ya dhiki ambayo sabuni ilikuwa hadithi na unga wenyewe ulikuwa wa njano, ule tuliouita wa Yanga. Siku ya kwanza nilimsimikia mafiga yake matatu kwa mikono yangu, kama mama mkwe yeyote anavyomsimikia mkaza mwana. Mimba yake moja ilitoka, nyingine haikuja. Sikumlaumu hata siku moja, na yeye hakuniuliza kwa nini nyumba yangu haina mwanamume wa kufukuza hata panya.

Tulikuwa na kanga moja. Akiivaa kwenda kisimani, mimi nabaki ndani nimejifunga gunia, namenya mihogo. Akirudi, ananifunga mimi ile kanga kiunoni, naenda zangu jumuiya kusali, gunia linakuwa lake. Tulicheka mpaka majirani wakadhani tumepata pombe. Alikuwa akisema, "Mama, duniani hakuna mume na mke wanaovaliana nguo kama sisi." Mimi namjibu kwamba mume wangu wa kwanza, Mungu amrehemu, hakunivulia hata kofia.

Kisha serikali ikafungua mlango, bidhaa zikaingia. Mitumba, ile tuliyoiita kafa-Ulaya, ilimwagwa chini pale Mukendo, Musoma mjini, watu wakachagua kama wanaokota maembe. Wankyo akabeba karanga zetu kwenda kuuza ili arudi na kanga ya pili. Kanga ilirudi, imefungwa kwenye gazeti, kwa mkono wa mtu wa basi. Yeye hakurudi. Alituma na neno: "Mwambieni mama asiniwekee chakula."

Niliendelea kumwekea. Moyo wa mtu si sahani, huwezi kuufunika ukalala.

Shemeji yangu Mniko, mdogo wa marehemu mume wangu, akaanza kupita kwangu kila wiki na fimbo yake, akiangalia shamba kuliko alivyoniangalia mimi. "Shemeji, mkeo yuko wapi?" Namwambia kaenda kusalimia. "Anasalimia Musoma nzima?" Alichokuwa akikitaka nilikijua. Maadamu mafiga ya Wankyo yamesimama jikoni kwangu, nyumba yangu iko wazi na shamba ni la nyumba. Ndoa ikivunjika hali hakuna mtoto, nyumba inafungwa, shamba linarudi kwa wana wa Mniko. Lakini niseme kweli yangu: usiku sikuwa nikililia shamba. Nilikuwa nikimtaka Wankyo. Nilitaka nisikie anavyokohoa kidogo kabla ya kuchekesha.

Aliyeniletea habari ni Tereza, mwanamke wa ziwani, ambaye kila msimu huja kijijini kwetu na dagaa kubadilishana na mtama. Aliweka gunia chini, hata maji hajaomba, akasema, "Bhoke we, mkeo anaigizaga siku hizi! Nimemwona na macho yangu pale ukumbi wa parokia wanafanya mazoezi. Mchezo ni ule wetu wa *Mkaza Mwana*. Jumamosi saa tisa."

Mkaza Mwana! Mchezo huo tuliukuta misheni tukiwa wasichana, na sijui nani aliutunga. Bibi arusi ameachwa na mumewe aliyekwenda migodini. Mama mkwe anamtesa, anamwaga unga aliousaga, anamtuma kuni wakati wa mvua. Yeye anavumilia, anakoka moto, anasonga. Mwisho mume anarudi, anamkuta kando ya mafiga yake, na mama mkwe anasema, "Sasa wewe ni mwanangu." Hapo ukumbi mzima hupiga vigelegele, na kina mama hulia, hata wale ambao nyumbani wamewafukuza wakwe zao wawili. Nikajisemea, kama Wankyo amekubali kukaa jukwaani kando ya mafiga, basi moyo wake unatazama nyumbani. Nikapanda gari pamoja na dagaa za Tereza.

Ukumbi ulijaa. Wavuvi wa Mwigobero na nguo zao zenye magamba, walimu, wenye maduka, kina mama wa kwaya. Tukaketi nyuma kabisa, mimi nimejifunika kichwa kama mgonjwa. Kijana aliyeuandaa mchezo, Mwalimu Apolinary, aliyekuwa ametoka chuo karibuni, akasimama akatuambia kwamba mchezo huu umekuwa wa kizamani mno, yeye ameuvisha nguo za leo. Aliongea Kiingereza kidogo katikati, watu wakampigia makofi kwa sababu hawakuelewa.

Nguo za leo zilikuwa nguo kweli. Pazia lilipofunguliwa, Wankyo wangu akatokea amevaa suruali ya jinsi ya mtumba imembana, redio kaseti begani, inapiga rumba. Vijana wakapiga miluzi. Mama mmoja mbele yetu akajiziba macho, lakini vidole aliviachia nafasi. Mama mkwe wa kwenye mchezo alikuwa na miwani ya jua na duka la sabuni, na badala ya kumwaga unga alimfichia bibi arusi sukari ya magendo. Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Mzee mmoja akasimama, akalalamika, "Hii siyo yenyewe! Hapa alikuwaga anasema, 'Mvua ni ya Mungu, kuni ni za mama!' Mbona mmeruka?" Wenzake wakamkalisha, lakini kila penye neno la zamani lililokatwa, ukumbi wote ulilisema wenyewe kwa sauti, na waigizaji wakawa wanangoja tumalize.

Mimi sikucheka, sikulalamika. Nilikuwa nikimtazama shingo. Alikuwa amenenepa kidogo. Ile suruali ya jinsi ilimpendeza, mniue kama mnataka.

Ukafika mwisho. Mafiga yalikuwa ya kweli, na moto wa kweli, kwa maana Mwalimu Apolinary alitaka moshi uonekane. Mume akarudi kutoka migodini, akapiga hodi, kina mama tukakaa tayari na vigelegele. Wankyo akamtazama mume, akamtazama mama mkwe, akasema, "Nimechoka kuvumilia vizuri." Kisha akayapiga mafiga teke. Moja, la pili, la tatu likabingirika mpaka ukingoni mwa jukwaa likitoa moshi.

Mwalimu alitegemea makofi. Badala yake nusu ya ukumbi ilisimama kama iliyopigwa na radi. Huyu Apolinary alikuwa mtu wa visiwa vya ziwani, hakujua. Kwetu sisi wa ng'ombe, mkaza mwana akiangusha mafiga yake, ndoa imekufa palepale, na mtu aliyeshuhudia hatoki mahali hapo kabla hayajasimikwa tena, maana atakwenda na mkosi mpaka kwake. Wala hayasimikwi na yeyote. Anayasimika yule aliyeyasimika mara ya kwanza.

"Funga milango!" bibi mmoja akapaza sauti. "Hapa hatoki mtu!"

"Ndugu zangu, hii ni sanaa," Apolinary akasihi. "Ni mawe tu tumeyaokota pale nje!"

"Mawe yameokotwa, lakini mguu ni wa mke wa mtu! Binti, nani alikusimikia mafiga kwenu?"

Wavuvi wakawa wanacheka, watu wa ng'ombe wanapiga kelele, mume wa kwenye mchezo ameingia nyuma ya pazia. Wankyo alibaki peke yake katikati ya moshi. Nadhani hata yeye hakuwa amefikiri. Mazoezini walikuwa wakipiga teke ndoo. Akasema taratibu, "Aliyenisimikia yuko nyumbani. Yuko mbali."

Tereza akanisukuma kwa kiwiko mpaka nikainuka bila kutaka. "Hayuko mbali!" akapiga ukelele yule mwanamke asiye na haya. "Ndiye huyu amejifunika!"

Nikatembea katikati ya watu hadi jukwaani. Mafiga yalikuwa ya moto. Nikayashika kwa upindo wa kanga, nikalisimika la kwanza, nikalisimika la pili. Nilipoinamia la tatu, Wankyo akainama nami, akaninong'oneza, "Shikamoo mama. Umekonda."

"Marahaba mwanangu," nikasema. "Nakula kidogo, kingine nakuwekea."

Akaanza kulia, na mimi nikaanza. Nikalisimika la tatu nikasema maneno yanayosemwa: moto wako ni huu, usizimike. Kumbe tulikuwa tumesahau watu. Ukumbi uliporuka kwa makofi, nilidhani dari inaanguka. Wavuvi, walimu, wenye maduka, wote waliamini mimi ni sehemu ya mchezo, ndio mwisho wenyewe wa kisasa, na kelele zile za milango zilipangwa. Mtu akasema nyuma, "Huyu mama wamemtoa wapi? Analia kama kweli!"

Apolinary hakuwa mjinga. Kesho yake baada ya misa alinifuata kwa shangazi yake Wankyo, mtaa wa Kamunyonge, tulikolala, akapiga magoti. Walikuwa wanapeleka mchezo Bunda, halafu Butiama. Bila mimi, watu wangeukataa; pamoja na mimi, ulikuwa umepata mwisho bora kuliko ule alioutunga. Nikamwambia mimi si mwigizaji. "Ndiyo maana, mama," akasema.

Nilikubali, na si kwa ajili ya sanaa. Nilikubali kwa sababu safari ya Bunda ilikuwa ya siku kadhaa, na siku hizo Wankyo angekuwa karibu nami.

Tulilala kwenye darasa la shule moja, wanawake upande wa ubao. Asubuhi Wankyo alinipaka mafuta miguuni, akakuta nyufa zimezidi, akanigombeza. Alinipikia uji, akakohoa kidogo, akaniigizia Padre anavyovua viatu akiingia mtumbwini. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sanduku lake lilikuwa na nguo nyingi hata akasahau alizonazo. Alinipa kanga mpya, maandishi yake yamekolea, ina harufu ya duka. Nikaishika, nikatamani ile dhiki irudi. Mungu anisamehe. Watoto walikufa katika miaka ile, na mimi nikaitamani, kwa kuwa katika dhiki ile mtu wangu alilazimika kurudi nyumbani kabla mimi sijatoka.

Watu wa Bunda walikuwa wamesikia habari, wamekuja kwa ajili ya teke. Tangu mwanzo walikuwa wakiita, "Teke! Teke!" kama wako mpirani. Wankyo alipopiga, figa moja lilifika mpaka safu ya mbele na mwanamume mmoja akalinyanyua juu kama kombe. Nilipoyasimika tena, kina mama wengine walilia, wengine wakazomea. Baada ya mchezo waligombana nje kisimani, nikawasikia. "Huyo mkwe anamng'ang'ania wa nini? Binti ameshasema amechoka!" "Wewe unasema hivyo kwa sababu kwako hakuna moto." "Afadhali kwangu hakuna moto kuliko kuyapiga mawe kila siku."

Asubuhi yake tukiosha vyombo nikamwuliza Wankyo, "Unapopiga teke, unapiga kwa mchezo au kwa moyo?"

Alisugua sufuria lililokwisha kutakata. "Musoma nilipiga kwa mchezo, mama. Jana nilipiga kwa moyo."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ungenikosea, ningeondokaga mara moja nikalala usingizi. Kule mjini nashona, mama. Nina cherehani ya kukodi, nina wateja. Kuna mtu pia, Leodgar, fundi wa mitumbwi, anataka kunioa awe mume, siyo wa kuzaa naye tu. Nilishamaliza kuondoka. Sasa kila ukirudisha mafiga, inabidi nianze kuondoka upya." Akanitazama kwa macho yake yale. "Na mimi sina nguvu ya kukuacha kila wiki."

Nilichukua lile sufuria nikalisuuza.

Butiama ilikuwa kwetu. Mchezo ulichezwa uwanja wa shule, jua la alasiri, watu wamekaa chini mpaka njiani. Walikuja hata kina mama wa Mwitongo na watoto mgongoni. Hapa hapakuwa na mtu wa kudhani mimi ni mwigizaji. Walinijua, walimjua Wankyo, walikula harusi yetu. Mniko alikuwa mbele na wanawe, fimbo katikati ya magoti. Suruali ya jinsi ilipotokea, hakuna aliyepiga mluzi. Redio ikapiga rumba, hakuna aliyetikisa bega. Maneno ya zamani yaliyokatwa hawakuyasema kwa sauti kama wa Musoma. Niliona midomo tu ikicheza. Waigizaji walianza kukosea. Apolinary aliniuliza pembeni, jasho likimtoka, "Mama, hawaupendi?" Nikamwambia wanaupenda kupita kiasi, wanaogopa mwisho wake.

Wankyo alifika kwenye neno lake. "Nimechoka kuvumilia vizuri." Hakulisema kwa watazamaji, alilisema chini. Akapiga mafiga, teke dogo, kama mtu anayesukuma kitoto cha mbuzi. Yakaanguka. Akafumba macho akasimama kunisubiri.

Nilipotoka upande, Mniko alisogea mbele kidogo kwenye kigoda chake. Nilijua kila kitu. Nikiyasimika, Wankyo ni wangu mbele ya ukoo wote, na mjini atakwenda kama mtoro tu, na huyo fundi wa mitumbwi hatamwoa mke wa watu. Nisipoyasimika, nyumba yangu inakufa alasiri ile, na mimi nitaishi kwenye kipande cha shamba la watoto wa Mniko kama kuku wa jirani.

Nikainama. Nikalichukua figa la kwanza, nikaliweka ukingoni. Nikalichukua la pili, nikaliweka juu yake. La tatu pia. Kisha nikamwaga maji kwenye moto.

"Bhoke!" Mniko akasimama. "Unajua unalofanya?"

"Najua, shemeji. Hayakuangushwa kwa hasira, msiogope mkosi, nendeni majumbani kwa amani. Mimi niliyeyasimika ndimi niliyeyang'oa. Sitaki kurudishiwa ng'ombe. Binti yangu anaolewa."

Nilisema *binti yangu*. Neno lilitoka lenyewe. Wankyo akafumbua macho.

Nikamshika mkono, tukapita kwenye mlango wa jukwaa uliojengwa na wanafunzi kwa fito na shuka, tukashuka katikati ya watu kuelekea barabara ya Musoma. Hapo ndipo bibi mmoja akainuka, akapiga kigelegele kimoja kikavu. Akafuata mwingine. Kina mama wakatufuata wakiimba nyimbo za kumsindikiza bibi arusi, wengine wanalia, wengine wanacheza, na vijana wa mchezo wenyewe wakasahau kwamba mchezo haujaisha. Nyuma nilisikia Apolinary akiuliza watu kama hii ni desturi.

Barabarani nikamwachia mkono. Akaniuliza, "Mama, wewe utabaki na nani?"

"Nitabaki na masengenyo, yanatosha kijiji kizima." Nikamfuta uso kwa kiganja. "Sikia. Bibi arusi akishatolewa kwao, anatembea mbele tu. Akigeuka, ndoa yake itakuwa inamrudisha rudisha maisha yake yote. Nenda. Usigeuke."

Akaenda, katikati ya wale kina mama, na suruali yake ya jinsi na viatu vyake vya mtumba. Mimi nilisimama palepale, nikamtazama kichogo, na niliomba, nawaambia niliomba kuliko nilivyoomba kanisani maisha yangu yote, kwamba yule mtoto mkaidi anikaidi mara moja tu, ageuke.

Wankyo akanitii.